Kamera ya Mtumba ya Filamu ya 120 Ikikwama: Fanya Haya Kabla ya Kushika Bisibisi

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo yanayobadilika. "Nimenunua Yashica ya zamani, krenki haizunguki." "Nimeachiwa kamera ya studio ya babu, kitufe hakibonyezeki." "Nimeweka filamu, picha ya kwanza imetoka, ya pili imegoma." Wengi wenu mnaouliza mko hapa Ipuli na kwingineko Tabora mjini, wengine mko Kigoma, Dodoma na Dar es Salaam. Nimeona bora nijibu mara moja, kwa kirefu.

Jibu fupi ni hili: mara nyingi kamera hiyo haijafa, imejifunga. Kamera za filamu ya 120 zimewekewa vizuizi vingi vya makusudi ili usipige picha mbili mahali pamoja, usipige picha lenzi ikiwa haijakaa sawa, wala usiunguze filamu kwa mwanga. Asiyevijua vizuizi hivyo hudhani ni ubovu. Akidhani ni ubovu, hutumia nguvu, na ubovu wa kweli huanzia hapo.

Zipo pia zilizokwama kweli, na sababu yake inajulikana. Studio za picha zina historia ndefu kwetu. Capital Art Studio ya Unguja ilifunguliwa mwaka 1930. Enzi za picha nyeusi na nyeupe, kamera ya lenzi mbili ilikuwa chombo cha kazi cha wapiga picha wengi wa mjini. Baadaye filamu za rangi za milimita 35 zikatawala, ikafuata dijitali, na kamera kubwa zikaingia kabatini. Kamera iliyokaa kabatini miaka thelathini bila kupigwa huwa grisi yake imekauka. Hizo ndizo nyingi mnazouziwa leo.

MASHARTI MATATU YA KUANZIA

1. Usilazimishe. Krenki ikigoma kwa nguvu ya vidole viwili, iache. Gia za ndani ni ndogo na nyembamba, na jino moja likikatika, kulipata jingine ni kazi kubwa kuliko kuipata kamera yenyewe.
2. Usifungue skrubu yoyote leo. Hatua zote za mwanzo hazihitaji bisibisi.
3. Usitie mafuta. Si ya cherehani, si ya taa, si dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu. Nitaeleza sababu huko mbele.

Chukua daftari uandike: kamera ni ya aina gani, krenki imesimama wapi, namba ya picha inayoonekana ni ipi, kasi ya shata imewekwa ngapi. Ukija kumpelekea fundi, maandishi hayo yatamwokolea muda na wewe yatakuokolea fedha.

JE, NDANI MNA FILAMU?

Usifungue mlango wa nyuma kabla ya kujua. Kamera ya mtumba inaweza kuwa na filamu iliyoanzwa na mmiliki wa kwanza, na huenda picha zilizomo zina thamani kwa familia yake.

- Angalia namba ya picha. Kwenye Yashica Mat na Rolleiflex, namba hurudi mwanzo mlango unapofunguliwa. Ukikuta inasoma 5 au 8, ihesabu kuwa ina filamu.
- Kwenye kamera yenye kidirisha chekundu nyuma, kama Lubitel, chungulia. Ukiona karatasi yenye namba au vitone, filamu ipo.
- Ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ina filamu, ukaifungue gizani kama nitakavyoeleza chini.

VIZUIZI VINAVYODHANIWA KUWA UBOVU

Pitia orodha hii yote hata kama unaamini umeshamaliza. Kamera nyingi zinazoitwa mbovu hupona hapa.

- Kifungo cha kitufe. Kamera nyingi zina kipete au kiswichi kidogo kinachozunguka kitufe cha kupigia. Kwenye Yashica Mat 124G na Mamiya RB67 kipo. Kikiwa upande wa kufunga, kitufe hakishuki.
- Picha imeshapigwa, filamu haijasogezwa. Ukishapiga, kitufe hujifunga mpaka uzungushe krenki. Muuzaji aliyejaribu kamera mbele yako mara nyingi huiacha katika hali hii.
- Krenki haijarudishwa. Kwenye Yashica Mat na Rolleiflex yenye krenki, kuna mwendo wa mbele mpaka isimame, halafu mwendo wa nyuma mpaka isimame tena. Wa mbele husogeza filamu, wa nyuma hukoki shata. Ukiishia njiani katika mwendo wowote, kamera inakusubiri uumalize.
- Bati la kuzuia mwanga. Hasselblad, Bronica na RB67 zina kasha la filamu linalotoka, na bati jembamba la chuma hulinda filamu. Bati likiwa ndani, kamera haipigi. Lichomoe kwanza.
- Swichi ya kubadilishia lenzi. Mamiya C330 ina kifundo ubavuni chenye alama za kufunga na kufungua. Kikibaki kwenye kufungua, shata haipigi kwa sababu kamera inadhani unabadilisha lenzi.
- Kioo cha ndani kilichopandishwa. Lenzi za RB67 zina swichi ya kupandisha kioo kwanza. Ikiwa kwenye alama M, ukibonyeza kitufe kioo kitapanda lakini shata haitafanya kazi mpaka utumie waya wa kupigia uliofungwa kwenye lenzi. Irudishe kwenye N.
- Betri. Yashica Mat 124G hutumia betri kwa kipimo cha mwanga tu. Ikifa, kamera bado inapiga. Lakini Mamiya M645 na Pentax 67 hazipigi bila betri, na Bronica ETRS au SQ ikikosa betri hupiga kwa kasi moja tu, 1/500. Zote nne hutumia betri ya volti 6. Usipoipata dukani, betri nne za LR44, zile ndogo za vikokotoo, zikipangwa mfululizo na kuzungushiwa utepe wa gundi wa karatasi zinatoa volti hizo hizo. Fundi saa huwa nazo.

Ukishapita hapa na kamera bado imegoma, endelea.

MAKOSA YA KUWEKA FILAMU

Filamu ya 120 imekuwepo tangu mwaka 1901 na haijabadilika sana: filamu yenye upana wa sentimita 6 hivi, iliyoviringwa pamoja na karatasi ndefu kwenye spuli. Haina matundu pembeni kama ya milimita 35, kwa hiyo kamera haiishiki kwa meno bali inategemea karatasi ikae imenyooka na kubana sawasawa. Makosa manne huikwamisha.

Spuli isiyo yake. Kodak walileta filamu ya 620 mwanzoni mwa miaka ya 1930, yenye upana ule ule lakini spuli nyembamba zaidi. Kamera ya 620 ukiilazimishia spuli ya 120, itasugua kuta na kugoma baada ya picha mbili tatu. Soma maandishi ndani ya mlango wa nyuma. Pakiwa na 620, hiyo ndiyo sababu. Filamu ya 120 inaweza kuhamishiwa kwenye spuli ya 620 gizani, lakini usikate kingo za spuli kwa kisu. Vipande vya plastiki huingia kwenye gia.

Kutokuwa na spuli tupu. Filamu ya 120 hairudishwi nyuma, huhamia kwenye spuli tupu ya juu. Kamera nyingi za mtumba huuzwa bila spuli hiyo, na watu hubuni ya mbao au ya bomba. Spuli iliyopinda hata kidogo huikokota karatasi upande mmoja, kingo zinakunjika, filamu inabana. Mwombe muuzaji spuli halisi. Na kila filamu ikiisha kusafishwa, mwambie msafishaji akurudishie spuli.

Mshale kutokuwa mahali pake. Kwenye Yashica Mat, zungusha polepole mpaka mshale wa kwenye karatasi ulingane na alama ya ubavuni, ndipo ufunge mlango na kuendelea mpaka krenki isimame kwenye 1. Rolleiflex zenye rola za kuhisi ni tofauti: karatasi lazima ipite katikati ya rola mbili za chini. Ukiipitisha juu yake, kamera haitajua kuwa filamu imeingia, krenki itazunguka bila kusimama, na filamu yote itapita bure.

Swichi ya 12 na 24. Yashica Mat 124 na 124G zina bati la nyuma linalosogea kati ya filamu ya 120, yenye picha 12, na ya 220, yenye picha 24. Filamu ya 220 haina karatasi nyuma ya picha, kwa hiyo nafasi yake ni nyembamba zaidi. Ukiweka ya 120 bati likiwa kwenye 24, filamu na karatasi yake vinabanwa kupita kiasi, na kamera itaendelea kuhesabu baada ya 12 hali filamu imeisha.

JARIBU KWA KARATASI, SI KWA FILAMU

Filamu ya 120 haiuzwi kila duka siku hizi, na bei yake inauma. Kwa hiyo usifanyie majaribio filamu mpya. Msafishaji wa filamu akimaliza kazi hutupa ile karatasi ya nyuma. Mwombe karatasi moja pamoja na spuli zake, iviringe vizuri, na uifanye filamu ya mazoezi.

1. Weka karatasi kama filamu ya kweli, mlango ukiwa wazi.
2. Zungusha polepole ukiangalia karatasi inavyopita. Inapanda wima, au inakwenda upande?
3. Linganisha mshale, funga mlango, endelea mpaka picha ya 1.
4. Piga, zungusha, piga, mpaka 12. Baada ya 12 krenki inatakiwa kulegea na kumalizia karatasi.
5. Ikikwama, andika imekwama kwenye namba ngapi, kisha fungua uangalie.

Ikikwama namba ile ile kila mara, shaka iende kwenye gia za kuhesabia. Ikikwama namba tofauti tofauti, shaka iende kwenye spuli au karatasi inayokwenda upande. Ikipita karatasi nzima bila tatizo, tatizo lilikuwa namna ulivyoweka filamu.

MAMBO YA KILA AINA

Yashica Mat na Rolleiflex. Ukitaka kasi ya 1/500, iweke kabla ya kukoki. Kasi hiyo huita springi ya ziada, na kuigeuza baada ya kukoki kunaweza kubana. Usiguse kipima muda cha kujipiga picha, kilichoandikwa V. Kwenye kamera kuukuu huanza kuhesabu, husimama njiani na kuikwamisha shata yote. Ukiikuta tayari imekwama kwenye V, kirudishe kiswichi polepole kwenye X. Kisiporudi, mwachie fundi.

Hasselblad 500C na 500C/M. Kukwama kwake kunajulikana duniani kote: mwili umekokiwa, lenzi haijakokiwa, au kinyume chake, na lenzi haitoki. Kanuni ya kuzuia ni kuzungusha krenki kila mara kabla ya kubadilisha lenzi. Dawa yake ni kutoa kasha la filamu, kupitisha bisibisi bapa ndefu kwa nyuma mpaka kwenye kijiti chenye mfereji kama kichwa cha skrubu, na kukizungusha kwa mwendo wa saa mpaka kilie "klik". Bisibisi ikiteleza itakwaruza kioo cha nyuma cha lenzi, kwa hiyo zungushia utepe wa gundi wa karatasi kwenye shingo yake. Mkono ukitetemeka, usijaribu.

Kiev 88. Badilisha kasi ya shata baada ya kukoki tu. Kuibadilisha kabla kunaharibu mfumo wake.

Pentacon Six. Ukimaliza kuvuta mkono wa kusogezea filamu, usiuachie urudi wenyewe kwa kishindo. Ushikilie kwa kidole gumba mpaka ufike mwisho. Kishindo hicho ndicho huzifanya picha zipandiane na gia zichoke.

Lubitel. Kazi tatu zimetenganishwa: kusogeza filamu kwa kuangalia kidirisha, kukoki shata kwenye lenzi, na kupiga. Hapa hakuna kizuizi cha kukukumbusha. Isipopiga, kwanza uliza kama umekoki.

SHATA INAYONATA

Sasa tufike kwenye ubovu wa kweli ulio wa kawaida kuliko wote. Kamera ikiwa haina filamu, fungua mlango wa nyuma, fungua tundu la lenzi lote, ielekeze kwenye dirisha lenye mwanga na utazame kutoka nyuma. Anza kwa kasi kubwa: 1/250, 1/125, 1/60. Utaona duara la mwanga likimeta na kupotea. Kisha shuka mpaka sekunde 1, usikilize. Shata nzima hutoa mlio mwembamba wa "zzzz" usiobadilika mpaka inapofunga. Shata inayonata huanza mlio, hupunguza mwendo katikati, na wakati mwingine hubaki wazi mpaka uiguse.

Tazama pia vibapa vya shata vyenyewe vikiwa vimefungwa. Vinatakiwa viwe vikavu, rangi ya chuma isiyong'aa. Ukiona mng'ao wa rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, mafuta yamefika kwenye vibapa.

Hali mbili, sababu mbili:

- Kasi kubwa ni nzuri, kasi ndogo zinakwama. Grisi ya gia za kuchelewesha imekauka.
- Kasi zote zinasuasua au vibapa havifunguki kabisa. Kuna mafuta au uchafu kwenye vibapa.

Hapa Tabora kuna kipimo kizuri cha bure. Asubuhi za Juni na Julai kuna ubaridi, mchana kuna joto. Ijaribu kamera ile ile alfajiri na saa nane mchana, ikiwa kivulini. Ikigoma alfajiri na kupona mchana, karibu hakika tatizo ni grisi iliyoganda, wala hakuna kilichovunjika.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuizoesha. Piga mara nyingi kwa kasi kubwa, shuka ngazi moja, piga tena, mpaka ufike kasi ndogo. Rudia kila siku kwa wiki moja. Shata nyingi zilizolala huamka kwa mazoezi hayo. Zisipoamka, zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

KWA NINI SI MAFUTA?

Najua kuna atakayesema, "Cherehani ya mama ilikwama, tukatia mafuta, ikapona." Ni kweli, lakini cherehani ina vyuma vinene vinavyosuguana na nguvu kubwa ya mguu au mota. Vibapa vya shata ni vyembamba mno, vinasukumwa na springi ndogo, na vimeundwa vifanye kazi vikiwa vikavu. Tone moja la mafuta huvigandisha, kila kimoja kikanata kwenye kingine. Mafuta ya taa huacha utando. Dawa ya kupuliza hueneza uchafu mpaka kwenye vioo.

Mafundi husafisha kwa kimiminika kinachokauka chote, kama petroli safi ya kujazia viberiti vya chuma, baada ya kutoa vioo vya mbele. Ukiimwagia shata vioo vikiwa mahali pake, unayeyusha grisi ya zamani na kuipeleka ndani zaidi. Petroli hiyo inashika moto upesi. Isitumike karibu na jiko la mkaa, mshumaa wala sigara, wala ndani ya chumba kilichofungwa. Petroli ya pikipiki si mbadala wake.

KUIOKOA FILAMU ILIYOKWAMA NDANI

Kama kamera imekwama katikati ya filamu yenye picha muhimu, usikate tamaa. Fanya hivi usiku:

1. Tafuta chumba kisicho na dirisha, ziba chini ya mlango kwa nguo, kisha ingia na mfuko mzito wa nguo nyeusi au blanketi mbili. Kaa dakika tano. Ukiona chochote, chumba hakijawa giza.
2. Zima simu kabisa, vua saa inayong'aa. Taa nyekundu haifai. Filamu za kawaida huona rangi zote.
3. Fungua mlango. Papasa upande wa spuli ya juu, uishike isifumuke.
4. Vuta kifundo cha spuli, itoe, na uviringe filamu kwa mkono ikiwa imebana. Karatasi iwe nje, filamu ndani.
5. Bandika utepe wa gundi, ifunge kwa foili ya jikoni, ndipo uwashe taa.

Andika juu ya foili aina ya filamu na idadi ya picha zilizopigwa. Msafishaji atakushukuru.

KUMPATA FUNDI

Mara nyingi mnaniuliza, "Fundi wa kamera Tabora yuko wapi?" Usiangalie bango la duka, angalia mikono na vifaa. Fundi saa mzuri hufahamu springi, gia ndogo na usafi kuliko fundi simu. Lakini muulize kwanza:

- Umeshawahi kufungua shata ya Copal au Compur?
- Bisibisi zako zinaingia sawasawa? Skrubu za kamera za Kijapani zimekatwa kwa kipimo chao. Bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kula kichwa.
- Utapiga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kitu?
- Ukishindwa, utanirudishia ikiwa imefungwa au ikiwa vipande?

Akiudhika kwa maswali, nenda kwa mwingine. Kubalianeni bei kabla, na mpatie daftari lako. Ukimtuma mtu Dar es Salaam na kamera, iache shata ikiwa haijakokiwa, toa betri, na usiiweke chini ya mizigo. Mtikisiko wa barabara hulegeza skrubu.

KABLA YA KUNUNUA NYINGINE

- Ijaribu kwa kasi zote, hasa sekunde 1, 1/2 na 1/8.
- Zungusha krenki mbele na nyuma. Isikike laini, isikwaruze.
- Angalia skrubu. Vichwa vilivyoliwa vinakuambia kuna asiyejua aliyeshaifungua.
- Pitisha tochi ya simu ndani ya lenzi. Nyuzi nyeupe kama mizizi ni kuvu.
- Hakikisha spuli tupu ipo na ni ya 120.
- Muuzaji akisema "inahitaji kusafishwa kidogo tu," ihesabu kama mbovu na ulipe bei ya mbovu.

KIANGAZI NA MASIKA YA TABORA

Kuanzia Mei mpaka Oktoba adui ni vumbi. Barabara za Ipuli mnaziona wenyewe. Usibadilishe filamu ukiwa juu ya bodaboda au kando ya njia; ingia ndani, futa mlango kwa brashi laini kabla ya kuufungua. Chembe moja ya mchanga kwenye rola hukwaruza filamu yote kutoka picha ya 1 mpaka ya 12. Usipulize kwa mdomo, mate huingia. Tumia mpira wa kupulizia hewa.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili adui ni unyevu. Toa kamera kwenye mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kuvu. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wengine mmesikia kuwa mchele unafaa. Haufai: una unga wake, na unga huo ukiingia kwenye shata utakuwa mbaya kuliko vumbi.

Mwaka mzima, usiiache kamera ndani ya gari juani. Joto hulainisha mafuta ya zamani, nayo hutambaa mpaka kwenye vibapa. Na kila mwezi, hata kama huna filamu, piga kasi zote mara chache. Usiihifadhi ikiwa imekokiwa.

MASWALI YANAYORUDI

"Lakini nimeona mtu akiipiga mkononi ikapona." Kishindo kinaweza kuzindua gia iliyonata kwa siku moja. Kinaweza pia kuhamisha kioo au lenzi, na picha zako zote zikatoka bila ukali. Usiipige.

"Nikiifungua mwenyewe kwa kufuata video?" Anza na kamera mbovu ya bei ndogo ambayo hutaijutia. Si hii.

"Kwa nini nisinunue dijitali tu?" Kama kazi yako ni harusi na pasipoti, nunua dijitali. Lakini filamu ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo mara tatu na nusu hivi ya ile ya milimita 35, na inakuachia hasi utakayoweza kuichapisha baada ya miaka hamsini bila kutafuta nywila wala chaja.

NENO LA MWISHO

Tabora ina mengi ya kupigwa kwa kamera hizi: tembe la Kwihara, miembe ya njia za zamani za misafara, stesheni ya reli iliyofika mwaka 1912, na nyuso za wazee ambao hatutakuwa nao siku zote. Kamera za kuifanya kazi hiyo hazitengenezwi tena kwa wingi. Kila moja inayovunjwa kwa pupa imepungua moja.

Kwa hiyo nakusihi: ikikwama, iache, pitia orodha ya vizuizi, ijaribu kwa karatasi, sikiliza shata, kisha amua. Ukifika mwisho wa orodha bila jibu, mpelekee fundi ikiwa nzima. Kamera iliyokwama hutengenezeka. Iliyolazimishwa, mara nyingi haitengenezeki.